Mabuu Badala ya Dagaa: Somo Juu ya Chakula cha Nguruwe



Somo letu la safari hii linahusu nguruwe, na hasa kile anachokula. Huenda mtu akauliza: chama cha wafanyakazi kinahusikaje na kihori cha nguruwe? Jibu ni rahisi. Hapa Rusizi, ambayo wazee wengi bado huiita Cyangugu, ukipita kwenye mashamba ya chai ya Shagasha, ukafika Kamembe mjini, kisha ukateremka mpaka kiwanda cha saruji na mashamba ya mpunga ya Bugarama, utakuta familia nyingi za wafanyakazi zenye banda dogo la miti nyuma ya nyumba. Nguruwe aliyemo ndiye benki ya mfanyakazi. Akiuzwa hulipa karo, dawa, mabati au deni la dukani. Kwa hiyo nguruwe akidumaa, mpango wa nyumba nzima umedumaa pamoja naye.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kwa nini nguruwe wetu wengi wanashiba lakini hawakui. Pili, jinsi mabuu ya nzi wa aina moja yanavyoweza kushika nafasi ya dagaa na soya. Tatu, kwa nini kazi hiyo haifai kufanywa na mtu mmoja mmoja, bali kwa umoja.

Kabla hatujaanza, tuseme neno kwa wenzetu Waislamu wa Bugarama na Kamembe, ambao hawafugi wala hawali nguruwe. Somo hili linawafaa pia. Mabuu tunayoyazungumzia hulisha kuku, bata na samaki wa bwawani. Palipoandikwa nguruwe, wao wafikirie kuku, ila vipimo vya kuchanganya chakula viulizwe kwa bwana mifugo.

1. NGURUWE ANASHIBA, LAKINI HAKUI

Mara nyingi tunasikia mfugaji akilalamika: "Huyu nampa ndoo nzima kila siku, na bado mbavu zinaonekana." Ukichungulia ndoo, utaona maganda ya viazi, majani ya viazi vitamu, mihogo na pumba. Hivyo vyote ni vyakula vya kutia nguvu. Vinamfanya nguruwe atembee na apige kelele, lakini nyama haijengwi kwa nguvu peke yake. Nyama hujengwa kwa protini.

Wenzetu wa kiwanda cha saruji wataelewa upesi. Mchanga na kokoto peke yake havisimamishi nguzo, hata ukirundika lori zima. Lazima saruji iwemo, tena kwa kipimo. Protini ni saruji ya mwili.

Nguruwe anayekua, mwenye kilo 20 hadi 50, anahitaji chakula ambacho katika kila kilo 100 mna protini ya kilo 16 hadi 18. Akishakuwa mkubwa, kilo 14 hivi zinamtosha. Sasa tazama tulicho nacho: pumba za mahindi zina protini ya kilo 10 hivi katika kilo 100. Mihogo mikavu haifiki hata kilo 4. Ndiyo maana tunajaza ndoo bila kujaza nguruwe.

Protini ya kuongezea hununuliwa. Iko soya, liko shudu la alizeti au la pamba, na uko unga wa dagaa. Hapa kwetu dagaa ni sambaza wa Ziwa Kivu. Samaki huyo hakuwamo ziwani tangu zamani. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana, na leo ndiye kitoweo cha watu wa pande zote mbili za ziwa, Rwanda na Kongo. Lakini sambaza ni chakula cha binadamu. Kila kilo inayomwagwa kwenye kihori imeondoka katika sahani ya mtoto wa mtu. Tena uvuvi unapofungwa kwa muda ili samaki wazaane, bei hupanda, na mfugaji mwenye mshahara mdogo huacha kununua. Nguruwe anarudi kwenye maganda, na miezi ya kukua inapotea bure.

2. MDUDU TUNAYEMZUNGUMZIA

Nzi wako wa aina nyingi, na si wote walio adui. Nzi wa nyumbani tunayemfukuza mezani ni mchafu na hubeba magonjwa. Huyu mwingine huitwa nzi askari mweusi. Asili yake ni Amerika, lakini siku hizi ameenea katika nchi nyingi zenye joto, Afrika ikiwamo. Ni mweusi, mwembamba, mrefu kuliko nzi wa nyumbani, na ukimwona kwa haraka utadhani ni nyigu. Hana mwiba, wala hang'ati.

Nzi huyu akishakuwa mkubwa hali chakula. Anaishi wiki moja au mbili kwa akiba ya mafuta aliyoiweka mwilini alipokuwa buu. Kazi yake ni kupandana, kutaga na kufa. Kwa sababu hali, hana haja ya kutua kwenye ugali wetu, na kwa hiyo haenezi uchafu kama yule wa nyumbani. Jike hutaga mayai kama 500 kwa mara moja, katika ufa mkavu karibu na kitu kinachooza.

Mayai huanguliwa baada ya siku 4 hivi. Mabuu hula kwa muda wa wiki mbili hadi tatu kukiwa na joto la kutosha, na hula kweli kweli. Wakishakomaa, rangi yao hugeuka kutoka nyeupe ya maziwa kuwa kahawia nyeusi, wanaacha kula, na wanatoka kwenye uchafu kutafuta mahali pakavu pa kujificha. Hukaa kama wiki mbili wakiwa ndani ya ganda, kisha nzi hutoka. Mzunguko wote huchukua kama mwezi mmoja na nusu.

Buu lililokaushwa lina protini ya kama kilo 40 katika kilo 100, na mafuta kama kilo 30, pamoja na chokaa nyingi ya kujenga mifupa. Dagaa waliokauka vizuri wana protini ya kama kilo 60. Maana yake, kilo 3 za mabuu makavu zina protini sawa na kilo 2 za dagaa. Kumbukeni hesabu hiyo, maana ndiyo itakayowasaidia kulinganisha bei sokoni.

Wako watakaosema kwamba ni chukizo kulisha mnyama mabuu. Tuwakumbushe kwamba kuku wetu hufukua mabuu tangu alfajiri na hakuna anayekataa yai lake. Na sisi wenyewe mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hukimbiliwa na watoto na wazee. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu juu ya wadudu wanaoliwa, likataja aina zaidi ya 1,900 duniani.

3. JE, IMEJARIBIWA?

Ni haki ya mfanyakazi kuuliza ushahidi kabla ya kutoa jasho lake. Katika eneo letu la Afrika Mashariki, kazi kubwa imefanywa na kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe, kilichoko Kasarani, Nairobi. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi wa Kenya, Thomas Odhiambo. Wakati ule watu wengi walimfikiria mdudu kuwa ni kitu cha kupigwa dawa tu. Yeye alisisitiza kwamba Mwafrika amjue mdudu wake mwenyewe, amzuie anapodhuru na amtumie anapofaa.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Kenya juu ya nguruwe wanaokua. Nguruwe waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilikula chakula chenye unga wa samaki kama kawaida. Makundi mengine yaliondolewa robo ya unga wa samaki, nusu, robo tatu, na la mwisho lote kabisa, na nafasi yake ikajazwa na unga wa mabuu ya nzi askari mweusi. Wale waliokula mabuu hawakukua vibaya kuliko wenzao wa samaki.

Sheria nazo zimefuata. Kenya ilipitisha viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo mwaka 2017. Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2001 ulipiga marufuku protini ya wanyama katika chakula cha mifugo kwa sababu ya ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe, uliruhusu protini ya wadudu kwa nguruwe na kuku mwaka 2021. Lakini uliweka masharti: mabuu yasilishwe samadi wala makombo ya jikoni na mahotelini. Tushike fundisho lililo nyuma ya masharti hayo, maana tutalirudia: unachomlisha buu ndicho unachomlisha nguruwe, na ndicho utakachokula wewe.

4. JINSI YA KUFUGA

Vyombo. Hakuna haja ya mashine. Beseni pana, sanduku la mbao au nusu ya pipa la plastiki vinatosha. Viwe kivulini, chini ya paa lisilovuja. Weka miguu ya meza ya vyombo ndani ya mikebe yenye maji, ili sisimizi na siafu wasipande. Sisimizi wanaweza kumaliza mabuu yote usiku mmoja.

Joto. Mabuu hupenda joto la nyuzi 27 hadi 30. Hapa wenzetu wa Bugarama wamebarikiwa, kwa kuwa bonde lao liko chini ya mita 1,000 na joto ni la kutosha karibu mwaka mzima. Shagasha ni juu na usiku kuna baridi, kwa hiyo mabuu yatachelewa kukomaa. Wafugaji wa huko waweke vyombo karibu na ukuta wa jiko, wavifunike kwa gunia usiku, na wasieneze chakula kikawa chembamba mno, kwani mabuu yakisongamana hutoa joto lao wenyewe.

Kupata mbegu. Njia nzuri ni kupewa mabuu na mtu anayefuga tayari. Njia nyingine ni kutega. Chukua pumba zilizolowekwa zikachacha, changanya na matunda yaliyooza, weka kwenye ndoo kivulini. Juu yake ning'iniza vipande vya boksi lenye matundu, au vibao viwili vilivyofungwa pamoja vikiacha ufa mwembamba. Nzi askari hutaga kwenye ufa mkavu, si kwenye uchafu wenyewe. Ukiona vifungu vya mayai madogo ya rangi ya maziwa ndani ya ufa, umefanikiwa.

Chakula chao. Wapewe vitu vya mimea: matunda na mboga zilizoharibika sokoni, maganda ya ndizi, machicha ya pombe, pumba, na maganda ya kahawa kwa kiasi, yakiwa yamechanganywa na vingine. Katakata vipande vidogo. Kupima unyevu, kamua konzi moja mkononi: yakitoka matone machache, ni sawa. Yakitiririka maji, ongeza pumba. Lisipotoka tone, nyunyiza maji.

Hapa mwenzetu mwerevu atauliza: "Maganda hayo si nguruwe angeyala mwenyewe?" Ni swali zuri. Maganda safi na majani mabichi mpe nguruwe moja kwa moja, maana kumpitishia buu kitu ambacho nguruwe angekila ni hasara. Buu apewe kile ambacho nguruwe hakili au kinachotupwa. Faida ya buu ni kugeuza kisichofaa kuwa kinachofaa.

Banda la nzi. Bakiza buu moja katika kila kumi ili wawe mbegu. Wakigeuka nzi, wakae katika kijumba cha wavu chenye kufikiwa na mwanga wa jua, maana nzi hawa hawapandani gizani. Nyunyiza maji kidogo kila siku. Angalizo: usikate chandarua cha malaria kutengeneza kijumba hicho. Kwanza, kina dawa ya kuua wadudu, na nzi wako wote watakufa. Pili, chandarua ni cha kulinda watoto wako, na Bugarama inaijua malaria. Tumia wavu wa dirisha usio na dawa.

5. KUVUNA NA KUKAUSHA

Vuna mabuu yakiwa makubwa lakini bado meupe, kabla ganda halijawa jeusi na gumu. Chekecha kwa ungo wa waya. Ukipenda njia ya uvivu, weka ubao ulioinama kutoka kwenye chombo kwenda kwenye ndoo: wale waliokomaa watapanda wenyewe na kudondoka ndani. Hao wa ubaoni ndio wanaofaa zaidi kuwa mbegu.

Osha mabuu kwa maji safi, kisha yatie katika maji yanayochemka kwa dakika 5. Hatua hii isirukwe hata kama kuni ni chache. Inaua mabuu kwa haraka na inapunguza vijidudu vya magonjwa. Baada ya hapo yaanike juani juu ya karatasi ya plastiki au mabati safi kwa siku mbili tatu, hata yavunjike ukiyabana kwa vidole. Kilo 3 za mabuu mabichi hutoa kama kilo 1 ya makavu. Saga au twanga, hifadhi katika chombo kilichofungwa, mahali pakavu. Kwa kuwa yana mafuta mengi, yakikaa muda mrefu huchacha na kunuka. Tengeneza ya kutumia mwezi mmoja, si ya mwaka.

Mabaki yanayobaki ndani ya chombo usiyatupe. Yakiachwa yaive kwa wiki kadhaa huwa mbolea nzuri ya bustani ya mboga.

6. HESABU YA KUCHANGANYA

Chukua kalamu. Tuseme tunataka kilo 100 za chakula chenye protini 16. Tuna pumba za mahindi zenye protini 10, na mabuu makavu yenye protini 40.

Toa 16 katika 40: inabaki 24. Hilo ndilo fungu la pumba.
Toa 10 katika 16: inabaki 6. Hilo ndilo fungu la mabuu.

Mafungu 24 kwa 6 ni sawa na 4 kwa 1. Basi kwa kilo 100, pumba ni kilo 80 na mabuu kilo 20. Tujaribu: kilo 80 za pumba zinatoa protini kilo 8, kilo 20 za mabuu zinatoa kilo 8, jumla 16. Hesabu imekubali. Njia hiyo hiyo inafaa kwa vyakula vingine, mradi ujue protini yake.

Lakini kwa kazi ya kila siku tunashauri mabuu kilo 10 na soya iliyokaangwa kilo 10, pamoja na pumba kilo 80. Protini itakuwa karibu 16 vile vile, mafuta hayatazidi, na protini za aina mbili husaidiana. Ongeza chumvi kidogo, majani mabichi, na maji safi wakati wote. Anza polepole: siku za kwanza tia robo ya kipimo, kisha nusu, na ufike kipimo kamili baada ya siku kumi. Ukiona nguruwe anaharisha, rudi nyuma.

7. MAMBO MANNE YA KUKATAZA

La kwanza: kinyesi cha choo kisiingie kabisa. Mtu mwenye minyoo ya tegu hutoa mayai katika kinyesi chake. Nguruwe akila mayai hayo, hupata malengelenge katika nyama, na anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata tegu. Mayai yakiingia katika chakula cha binadamu kwa mikono michafu, huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Iko kampuni Nairobi iliyofuga mabuu kwa uchafu wa vyoo, lakini ilikuwa na mitambo ya joto na wataalamu. Sisi tuna beseni na sufuria. Tusiige.

La pili: nyama, damu, mizoga na makombo yenye nyama ya nguruwe visiingie. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921, haina tiba, na ikiingia banda moja inaweza kumaliza nguruwe wa kijiji kizima. Virusi vyake hukaa muda mrefu katika nyama. Nasi tuko mpakani: watu na bidhaa huvuka mto Rusizi kwenda na kurudi Bukavu kila siku. Nguruwe akifa ghafla akiwa na homa na madoa mekundu ngozini, usiuze nyama wala usigawie jirani. Mwite veterinari wa sekta.

La tatu: vitu vyenye dawa ya kunyunyizia mimea, mafuta ya mitambo na takataka za kiwandani zenye kemikali visiingie. Mifuko na makopo ya dawa yasigeuzwe kuwa vyombo vya kufugia. Nzi askari hukusanya mwilini madini yenye sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

La nne: mtoto asikoseshwe shule kwa ajili ya mabuu. Kazi hii si nzito, lakini ni ya kila siku. Tena isiachiwe mama peke yake, ambaye ametoka kuchuma chai tangu asubuhi na bado ana jiko la kushughulikia.

8. TAKA ZA NANI? HESABU YA UMOJA

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Nguruwe mmoja, tangu kilo 20 hadi kufikia kilo 90, hula kama kilo 250 za chakula. Ikiwa sehemu ya kumi ni mabuu, anahitaji kilo 25 za mabuu makavu, yaani kilo 75 za mabichi. Kilo 100 za taka hutoa kati ya kilo 10 na 20 za mabuu mabichi. Kwa hiyo nguruwe mmoja anahitaji taka za kilo 375 hadi 750.

Nyumba moja ikitenga kilo 2 za taka kwa siku, inapata kilo 60 kwa mwezi, na katika miezi minne kilo 240. Hazitoshi hata kwa nguruwe mmoja! Ndiyo maana mtu akianza peke yake, baada ya mwezi hukata tamaa na kusema mabuu ni porojo.

Lakini nyumba 20 za mstari mmoja zikikusanya pamoja, ni kilo 40 kwa siku, kilo 1,200 kwa mwezi. Hizo hutoa kati ya kilo 120 na 240 za mabichi, yaani kilo 40 hadi 80 za makavu kila mwezi. Nguruwe mmoja, akikuzwa kwa miezi minne, anahitaji kilo 6 na robo kwa mwezi. Kikundi hicho kinaweza kulisha nguruwe 6 hadi 12. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena ziko taka kubwa kuliko za nyumbani: mboga na matunda yanayobaki soko la Kamembe linapofungwa, pumba za mashine za mpunga, machicha ya watengenezaji pombe, na maganda ya jikoni mwa kantini za viwanda. Leo vitu hivyo hutupwa, au huchukuliwa na mwenye gari. Kesho vikijulikana kuwa ni mali, vitawekewa bei, na mwenye gari ndiye atakayetangulia tena. Kwa hiyo kikundi kijiandae mapema: kiwe na majina ya wanachama, daftari la mapato na matumizi, na watu wawili wenye kushika fedha. Kisha kamati ya wafanyakazi iombe kwa maandishi kwamba maganda ya kantini yapewe kikundi cha wafanyakazi kwanza. Ombi hilo halimgharimu mwajiri chochote, na linampunguzia jalala.

Lakini hapa tuwe macho. Nguruwe ni nyongeza, si mshahara. Asije mwajiri akasema kwenye meza ya mazungumzo, "Ninyi mna mifugo, nyongeza ya nini?" Mfanyakazi anamfuga nguruwe baada ya kumaliza saa zake za kazi, kwa nguvu ambazo hazikuuzwa kwa mtu. Banda la nyuma ya nyumba lisitumiwe kuwa sababu ya kupunguza haki ya mbele ya kiwanda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Andikeni bei ya kilo 2 za sambaza kavu sokoni wiki hii. Je, mnaweza kutoa kilo 3 za mabuu makavu kwa gharama ndogo kuliko hiyo, mkihesabu kuni, usafiri na saa za kazi?

2. Katika eneo lenu la kazi, ni taka zipi za mimea zinazotupwa kila siku? Zipimeni kwa siku saba. Zipi ni safi, na zipi zina dawa au nyama?

3. Pumba mnazonunua zina maganda magumu mengi kiasi gani? Mkikuta protini yake ni 8 badala ya 10, rudieni hesabu ya sehemu ya 6.

4. Nani katika kikundi atakagua chungu cha kuchemshia, na nani atamkagua huyo mkaguzi?

5. Kikundi kikipata faida, igawanywe yote, au sehemu iwekwe kuwa akiba ya mwenzetu atakayefiwa na nguruwe?

Wahenga walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Nguvu hizo zikitiwa hesabu na umoja, hata kile tulichokuwa tunakitupa jalalani kitasomesha mtoto. Kikundi kitakachojaribu kitunze daftari la uzito wa nguruwe kila wiki, aliyelishwa mabuu na asiyelishwa, na mkalisome mbele ya wenzenu katika mkutano wa tawi. Hapo wenzetu watakuwa na ushahidi wa hapa hapa Rusizi.